SOMO: KARANGA ITAMBAAYO, KIFUNIKO CHA ARDHI YA PWANI



Chini ya minazi mingi ya pwani utakuta mchanga mtupu, au magugu yafikayo kiunoni. Zote mbili ni hasara. Mchanga ulio wazi huunguzwa na jua, na masika yaingiapo hupoteza mboji kidogo iliyokuwamo. Magugu nayo hunyonya maji, huficha nazi zilizoanguka, tena humla mwanachama fedha za palizi kila mwaka.

Yafaa ardhi hiyo ivikwe mmea mfupi utambaao. Mmoja ulio bora ni jamaa ya karanga kutoka Brazili, ambao wataalamu huuita Arachis pintoi. Haupandwi kwa chakula. Huinuka kiasi cha shubiri moja, hutoa maua ya manjano, huvumilia kivuli na kukanyagwa, na mizizi yake, kwa msaada wa vijidudu vya udongo, huchukua naitrojeni iliyomo hewani. Wala hauparamii miti kama pueraria, ambayo isipokatwa mara kwa mara huusonga mnazi mchanga. Mbele ya ofisi ya chama ni pambo pia.

Masika yakisha kushika, lima na kusafisha magugu. Kata vipande vya shina vyenye vifundo vitatu au zaidi, ufukie vifundo viwili, nafasi ya nusu mita. Acha duara la mita moja kuzunguka shina la mnazi. Miezi ya mwanzo mmea huu ni mvivu. Asiyeupalilia wakati huo ataupoteza, na asije akaulaumu. Ukisha kufunga ardhi, kazi hupungua sana.

Haufai kila mahali. Hutaka mvua ya milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka, kwa hiyo Unguja na Pemba zaufaa kuliko nchi kavu za kaskazini ya Malindi. Ufukweni kwenye chumvi usiupande. Mbegu zake hukaa ardhini, hivyo kuung'oa ni taabu. Usiutie katika shamba utakalolima muhogo mwakani. Panya nao huzipenda mbegu hizo: kandokando ya kuta za ghala acheni ukanda mtupu.

Chama kianze na kitalu kidogo penye maji. Wanachama watakata vipande humo bila kununua mbegu, na Katibu aandike katika daftari nani amechukua, na kiasi gani, ili wa mwisho wasikute mashina matupu.