Kinanda, Marimba na Kalimba: Suala la Kutaja Sauti za MIDI kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko Kisiwani, chini ya milima ya Upare Kusini wilayani Same (jina lenye umbo la pwani, ingawa bahari iko mbali), hapati shida kuitaja ala ya umeme inayoongoza kwaya. Ala hiyo ni kinanda, na anayeicheza ni mpiga kinanda. Shida humkabili anapoitazama orodha ya sauti zilizomo ndani yake. Humo atakuta majina yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na miongoni mwake majina mawili ya Kibantu, marimba na kalimba, yaliyowekwa mbalimbali kana kwamba hayana udugu. Makala hii inaeleza chanzo cha hali hiyo, na inadai kwamba orodha hiyo haifai kutafsiriwa neno kwa neno, kwa kuwa makundi yake yanabeba hukumu ambayo Kiswahili hakilazimiki kuirithi.

2.0 Sanduku lisilo na vibonyezo

MIDI ni kanuni ya mawasiliano baina ya ala za muziki za kielektroniki. Ilionyeshwa hadharani Januari 1983 nchini Marekani, pale Prophet-600 ya kampuni ya Sequential Circuits ilipounganishwa na Jupiter-6 ya kampuni ya Roland ya Japani. Ni muhimu msomaji aelewe kwamba waya wa MIDI haupitishi sauti. Unapitisha amri: noti fulani ianze, ipigwe kwa nguvu kiasi fulani, kisha ikome. Kwa hiyo MIDI inafanana zaidi na karatasi ya noti kuliko kanda iliyorekodiwa.

Kutokana na sifa hiyo, kitoa-sauti kiliweza kutenganishwa na vibonyezo. Roland ilitoa MT-32 mwaka 1987 na Sound Canvas SC-55 mwaka 1991. Yote mawili yalikuwa masanduku yasiyo na vibonyezo, yanayosubiri amri kutoka kwenye kompyuta au ala nyingine. Kompyuta ya Atari ST ya mwaka 1985 ilikuwa na matundu ya MIDI tangu kiwandani, ilhali kompyuta za jamii ya IBM zilihitaji kifaa cha ziada kama MPU-401. Mwaka 1991 ukaja mwafaka wa General MIDI: sauti 128 katika makundi 16 ya sauti nane nane, na chaneli ya 10 ikatengwa kwa ajili ya midundo.

Kwa upande wa Tanzania historia hiyo ilichukua njia nyingine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na ingawa katazo hilo lililegezwa baadaye, kompyuta ya nyumbani ilikuwa bado kitu adimu zama za MT-32. Watu wengi walikutana na orodha ya General MIDI ikiwa imekwisha kufichwa ndani ya kinanda chenyewe, kanisani au katika vikundi vya taarab ya kisasa vya miaka ya 1990 kama East African Melody na TOT, ambavyo kinanda chao kilishika nafasi ya ala nyingi za okestra. Kwa maoni yetu, hii ndiyo sababu kitoa-sauti pekee hakikupata jina. Hakikuonekana, basi hakikuhitaji kutajwa.

3.0 Upana wa neno kinanda

Kamusi za zamani, ikiwamo ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinakitaja kinanda kuwa ala ya nyuzi, na papo hapo zinaliruhusu neno hilo lihusu ala za kigeni kama piano. Lamu na Unguja neno hilo lilihusishwa na ala ya nyuzi iliyopigwa kabla ya taarab kushamiri. Leo ni la kanisani na la umeme. Umbo la ala limebadilika kabisa, lakini kazi yake ya kuubeba wimbo wa mwimbaji imebaki. Neno linalohama hivi bila kuvunjika ni mtaji wa istilahi, na si haba. Kibodi, linalotumiwa na wengi siku hizi, halitofautishi ala na sehemu ya kompyuta ya kuchapia.

4.0 Ndugu wawili waliotenganishwa

Katika General MIDI, marimba ni sauti ya 13, na imewekwa pamoja na selesta na vibrafoni. Kalimba ni sauti ya 109. Kundi lake limepewa kwa Kiingereza jina lenye maana ya "la kikabila", na humo imo pamoja na sitari ya India, koto ya Japani, zumari-mfuko ya Waskoti na hata banjo ya Marekani. Mwanaisimu hawezi kuipita orodha hii bila kusimama. Mzizi ni mmoja, -limba au -rimba, ulioenea katika lugha nyingi za Kibantu. Marimba ina kiambishi ma-, kalimba ina ka- ya udogo, na ilimba ya Wagogo ina kiambishi chake pia. Kiswahili sanifu hakina ngeli ya ka- kama Kikuyu au Kikamba, hivyo msomaji wake huelekea kuiona ka- kuwa sehemu ya mzizi, na udugu unapotea machoni pake. Jina kalimba lenyewe lilienezwa duniani na Hugh Tracey, ambaye kuanzia mwaka 1954 aliitengeneza na kuiuza ala hiyo kutoka Afrika Kusini.

Tukitafsiri jina la kundi kuwa "ala za kikabila", tutakuwa tumesema kwamba piano haina kabila. Aidha, tutakuwa tumekitupa Kiswahili nje ya desturi yake, kwani marimba ya pwani hutaja ala ya mbao za kugongwa na vilevile ile ya vyuma vya kubofya kwa vidole. Mgawanyo wa General MIDI haumo katika neno.

Lipo pia suala la sauti yenyewe. Namba za noti za MIDI ni 0 hadi 127, kumi na mbili kwa kila oktavu, na katika matumizi ya kawaida zinalingana na vibonyezo vya piano. Ilimba aliyoisikilizisha dunia Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hupangwa kwa kufuata harmoniki za asili, na baadhi ya sauti zake huangukia kati ya vibonyezo. Sauti ya 109 huhifadhi rangi ya ala lakini si mpangilio wake. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba "hii ndiyo ilimba" anampotosha.

5.0 Mapendekezo

Tunapendekeza sauti ya 13 iitwe marimba ya vijiti na ya 109 marimba ya vidole, ili udugu uonekane na tofauti ya upigaji itajwe. Jina ilimba libaki kwa ala yenyewe. Kundi la sauti za 105 hadi 112 litajwe kwa namba zake tu, kwa kuwa hakuna kinachoziunganisha isipokuwa umbali wake kutoka kwa aliyezipanga. Ama kwa sanduku lisilo na vibonyezo, kisanduku cha sauti kinatosha. Wanaopendelea moduli ya sauti hawakosei, ila watalazimika kueleza moduli ni nini, ilhali kisanduku hakihitaji maelezo.