Nikikaza, mpira unakwenda vichakani

SWALI: Nilianza gofu mwaka jana hapa Lugalo, Dar es Salaam. Napiga kwa mkono wa kulia. Kila nikiongeza nguvu, mpira unapinda kulia. Nifanyeje, mwalimu?

JIBU: Kabla ya kulaumu nguvu, tazama uso wa fimbo. Mpira huanza safari karibu na pale uso unapoelekea unapougusa, kisha hupinda ikiwa uso huo na njia ya fimbo vinatofautiana. Uso wa fimbo yako unabaki wazi kuliko njia, ndiyo maana mpira unakimbilia kulia.

Anza na mshiko. Ukiinama kutazama, uone vifundo viwili au vitatu vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja tu, mchawi umempata.

Kisha chukua fimbo namba 8, kutanisha miguu, upige nusu: mikono isipite kiuno kwenda wala kurudi. Ukiyumba, umefanya pupa. Mpira hautafika mbali na wenzako watacheka, waache wacheke. Mpira ukianza kunyooka mfululizo, achanisha miguu na urefushe pigo kidogo kidogo. Fimbo ya dereva ibaki mfukoni kwa sasa, maana mwinamo wa uso wake ni mdogo na kupinda pembeni huonekana zaidi.