Githeri Iive Bila Jiko Kulala Ndani

Baridi ya Juni na Julai inapoingia Umoja, Kayole, Dandora na Buruburu, githeri hurudi kwenye sahani kwa nguvu. Ni chakula kizito, hushika tumbo tangu jioni hadi asubuhi, na hakimdai mtu nyama. Waluo hukiita nyoyo, Wakamba isyo, watu wa Pwani wanakijua kama pure, na ukivuka mpaka kuingia Tanzania utakikuta kwa jina la makande. Wengi waliohamia Eastlands walikuja na jina lao, lakini sufuria ni ile ile: mahindi na maharagwe.

Taabu yake ni moto. Mahindi makavu na maharagwe makavu, yakitiwa sufuriani bila maandalizi, yanaweza kuchemka saa tatu au zaidi. Nairobi tena iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakifika nyuzi joto kama 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana sufuria ya maharagwe inayoiva upesi kwa shangazi wa Likoni huchelewa kwa mpwa wake wa Donholm, hata kama maharagwe yametoka gunia moja.

Mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 akipiga hesabu ya saa hizo, huiacha githeri na kununua mkate. Mwingine hungoja usiku, akawasha jiko la makaa, akainjika sufuria na kuliacha jiko ndani ya nyumba ili alale huku chakula kinaiva na chumba kinapata joto. Huyu wa pili anahatarisha maisha ya wote waliolala humo.

Makaa yanayoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu ikamwamsha. Watu wengi huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, jiko ni salama. Si kweli. Gesi hiyo huendelea kutoka hata wakati moshi hauonekani, na katika chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha limefungwa na kitambaa kimezibwa chini ya mlango, hujaa haraka. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito usio wa kawaida. Jiko lenye udongo ndani, ambalo mafundi wa jua kali walianza kulitengeneza miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa, lakini nalo hutoa gesi ile ile. Mtu akizidiwa, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi na upige simu 999 au 112.

Njia iliyopo ni kupunguza saa za moto. Githeri ya familia ya watu sita inaweza kuiva kwa moto wa kama saa moja na nusu tu, kuchemsha na kukaanga pamoja. Kazi iliyobaki itafanywa na maji ya usiku na kikapu.

Sokoni

Nunua mahindi nusu kilo na maharagwe nusu kilo. Vibanda vingi huchanganya mahindi mengi na maharagwe machache kwa sababu mahindi ni rahisi, lakini nusu kwa nusu ndiyo inayojenga mwili. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huuziba, na ya maharagwe ina upungufu ambao mahindi huuziba. Kwa mtoto anayekua, jambo hili si dogo.

Aina ya maharagwe ni hiari ya mpishi. Nyayo ni makubwa na hutoa mchuzi mzito, Wairimu ni mekundu na madogo, Mwitemania yana madoadoa. La muhimu zaidi ni umri wake. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto hugoma kulainika hata uyachemshe mchana kutwa. Muulize mama anayekupimia gorogoro yametoka msimu gani, na usichanganye ya zamani na mapya, kwa kuwa mapya yatapondeka huku ya zamani yakibaki mawe.

Kwenye mahindi, angalia ukungu. Mwaka wa 2004, sumukuvu iitwayo aflatoksini ilizua maafa Ukambani, hasa Makueni na Kitui: watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Hata githeri ichemke siku nzima, kilichoingia na punje kitabaki. Kataa mahindi yenye punje za kijani kijani au nyeusi, yaliyovunjika sana, au yenye harufu ya uvundo. Nyumbani, yamwage kwenye sinia, chambua punje moja moja, kisha yatie kwenye maji na utupe zote zinazoelea. Kuchambua hupunguza hatari ingawa hakuimalizi, kwa sababu sumu yenyewe haionekani kwa macho. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, hupunguza sehemu ya sumu pamoja na ganda, na huiva mapema. Punje ulizotupa usimpe ng'ombe wala kuku. Ng'ombe akizila, sumu hupita kwenye maziwa na kurudi kwenye chai.

Usiku wa maji

Baada ya kuosha, loweka mahindi na maharagwe katika vyombo viwili tofauti, maji yakiwa mara tatu ya nafaka. Yaache saa nane hadi kumi na mbili. Ukilala saa nne usiku, yatakuwa tayari saa kumi na mbili asubuhi. Mwaga maji hayo na usuuze. Maji ya kulowekea hubeba sehemu ya vitu vinavyojaza tumbo gesi, na wale wanaoikwepa githeri kwa sababu hiyo wataona tofauti.

Asubuhi tanguliza mahindi, kwa kuwa ndiyo magumu. Yachemshe dakika kumi hivi, kisha uongeze maharagwe. Maji yapite nafaka kwa upana wa vidole viwili. Yakirudi kuchemka, acha yatokote kwa nguvu dakika 30 kamili, mfuniko ukiwa juu.

Dakika hizo 30 zisipunguzwe. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Yakiliwa yakiwa mabichi au nusu mabichi huleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na wengi hudhani ni chakula kilichochacha. Kutokota kwa nguvu huiharibu. Joto la chini haliiharibu, na linaweza hata kuiongeza makali. Ndiyo sababu maharagwe hayapelekwi kwenye kikapu kabla ya kutokota.

Usitie nyanya wakati huu. Uchachu wake huzuia maharagwe kulainika. Magadi hulainisha upesi, na vibanda vingi huyatumia, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza chumvi mwilini, jambo ambalo mgonjwa wa presha hapaswi kulichukulia kwa wepesi. Nafaka iliyolowekwa vizuri haina haja nayo.

Kikapu

Sufuria iliyotokota ina joto la kutosha kuendelea kupika lenyewe, mradi joto hilo lisitoroke. Chukua kikapu kikubwa, kiondo kipana au katoni nene. Tandaza chini blanketi kuukuu, vipande vya godoro au nguo za mtumba zilizokatwakatwa na kushindiliwa kwenye mfuko wa kitambaa. Weka sufuria katikati ikiwa bado inatokota na mfuniko haujafunguliwa, zungushia nguo pande zote, na juu weka mto mnene. Unene wa kiganja kila upande unatosha.

Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu. Iliyojaa nusu hupoa haraka, na chakula vuguvugu ni makao ya vijidudu. Iache saa nne bila kuchungulia. Kila ukifunua, joto linatoka na hakuna moto wa kulirudisha. Kwa anayetoka kwenda kazini na kurudi usiku, kikapu hakifai kuachwa siku nzima. Afadhali mtu wa nyumbani akifungue mchana, au kazi hii ifanywe Jumamosi.

Ukifungua, irudishe sufuria motoni ichemke tena dakika 20 hadi 30. Bonyeza punje ya mahindi kwa vidole. Ikikubali bila kubishana, imeiva. Nafaka ya zamani itadai muda zaidi, na hapo ongeza maji ya moto, si baridi. Mwenye sufuria ya presha anaweza kuruka kikapu: nafaka iliyolowekwa huiva humo kwa dakika 40 hivi, ila isijazwe zaidi ya nusu, kwani maharagwe hufura na povu lake huziba tundu la mvuke.

Kukaanga

Hapa ndipo githeri ya nyumbani huachana na ile ya bweni, ambayo wengi wanaikumbuka kwa maji yake mengi na kitunguu kimoja kwa watu mia.

Katakata vitunguu viwili na uvikaange kwa vijiko vitatu vya mafuta hadi viwe rangi ya kahawia, si vyeupe. Usiwe na haraka. Ladha ya chakula chote inaanzia hapo. Ongeza kitunguu saumu kilichopondwa, kisha nyanya tatu, na uzikoroge hadi zivunjike na mafuta yaonekane pembeni. Tia kijiko kidogo cha bizari, karoti mbili na viazi vinne vilivyokatwa vipande vya wastani. Mimina vikombe viwili vya maji yaliyochemshia githeri, funika, na uache viazi viive.

Sasa ingiza githeri, kama nusu ya uliyochemsha au zaidi kulingana na walaji. Chota vijiko vitatu vya maharagwe, uyaponde kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria na kuyarudisha. Kitendo hiki kidogo hugeuza maji kuwa rojo zito linaloshikana na mahindi, wala hakuna haja ya unga wa mchuzi. Chumvi, hoho, na mwishowe sukuma wiki au kabeji iliyokatwa nyembamba, dakika tano tu. Dhania juu. Aliyepata robo kilo ya nyama Burma aikaange mwanzo, kabla ya vitunguu.

Parachichi pembeni ni karibu sheria. Chai nayo ingoje kama saa moja, kwa sababu huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe. Nyanya na hoho, kwa vitamini C iliyomo, hufanya kinyume chake. Wanafunzi wa shule za msingi za umma ambao mchana wamekula kwa mpango wa Dishi na County, uliozinduliwa mwaka wa 2023 na ambao mzazi huchangia shilingi 5 kwa sahani, bado wanahitaji chakula cha jioni chenye uzito, na hiki kinatosha bila kuongezewa wali.

Ya kununua na ya kubakiza

Si kila nyumba ina muda wa kuloweka. Wengi hununua githeri iliyochemshwa kando ya barabara na kuikaanga nyumbani, na hakuna ubaya, mradi itoke kwenye sufuria inayofuka moshi na ichemshwe tena kabla ya kuliwa. Beba bakuli lenye mfuniko. Agosti 8, 2017, mpiga kura mmoja wa Kayole alipigwa picha kwenye foleni akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki, na picha ikapendwa nchi nzima. Siku 20 baadaye marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kutekelezwa. Githeri ya moto na plastiki nyembamba hazikuwa jozi nzuri hata kabla ya sheria.

Ile uliyochemsha bila kukaanga ndiyo ya kubakiza, kwa kuwa ikishatiwa nyanya na vitunguu huchacha upesi. Kwenye friji hukaa siku tatu, na kwenye friza hukaa wiki kadhaa ikigawanywa kwa pakiti za mlo mmoja mmoja. Asiye na friji aipoze haraka kwenye sinia pana, aifunike na kuila kesho yake mchana baada ya kuichemsha vizuri. Ikianza kutoa povu na kuvutika kama uzi kwenye mwiko, imwagwe.

Kwa mtoto aliyepita miezi sita, chota maharagwe, viazi na karoti kabla ya kutia chumvi, vipondwe hadi vilainike kabisa. Punje nzima za mahindi zisubiri hadi aweze kutafuna, kwa sababu zinaweza kumkaba.

Kikapu kikishapoa, anika nguo zake juani. Mvuke huziacha na unyevu, na zikifungiwa hivyo zitaota ukungu kabla ya Jumamosi nyingine.