Uamuzi wa Kuhama: Ni wa Nani?

Kijana wa parokia akienda kufanya kazi nchi za Ghuba, twasema, "Ameamua mwenyewe." Je, ndivyo? Wataalamu huunda modeli, yaani vielelezo vinavyoonyesha jinsi maamuzi ya watu wengi yanavyozaa uhamiaji. Tuangalie vitatu.

1. Mtu na mshahara
Mwaka 1970, John Harris na Michael Todaro walieleza kwa nini watu hukimbilia mijini ingawa kazi ni chache. Mtu hupima mshahara pamoja na uwezekano wa kuupata. Anayepata 200,000 nyumbani, akisikia kuna 600,000 kwingine, hata kama wanaofanikiwa ni nusu tu, hesabu yake ni 300,000. Ataondoka. Hesabu hiyo hutumika pia kwa wanaovuka mipaka.

2. Familia
Mwaka 1985, Oded Stark na David Bloom walisisitiza kuwa mara nyingi familia huamua pamoja. Humtuma mmoja mbali ili mvua ikikosekana shambani, fedha zake ziwaokoe wote.

3. Waliotangulia
Douglas Massey, aliyechunguza safari za Wameksiko kwenda Marekani, alionyesha kuwa kila anayetangulia humpunguzia gharama anayefuata: humpa habari, malazi na kazi. Uamuzi wa mmoja hubadili hesabu ya jirani.

Mafundisho ya Kanisa
Modeli hueleza watu wanavyoamua. Haziulizi kama walikuwa huru. Hapo Kanisa lina neno. Katika waraka Pacem in Terris (1963), Mtakatifu Yohane XXIII alitambua haki ya kuhama kwa sababu za haki. Mwaka 2023, Papa Fransisko alichagua mada ya uhuru wa kuchagua kuhama au kubaki.

Basi, kama uamuzi ni wa wengi, wajibu nao ni wa wengi. Binti anayefanya kazi za ndani ughaibuni akipiga simu kusema anateswa, si haki kumjibu, "Vumilia, ulitaka mwenyewe." Waliochanga nauli wachange pia ya kumrudisha, na wampokee bila kumwaibisha hata akirudi mikono mitupu.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo
1. Ni nani kwetu aliyeondoka kwa kukosa njia ya kubaki?
2. Akitaka kurudi leo, atampigia nani simu?