Noti 25 Zina Maana Gani? Kuzielewa Nguvu za Upepo Hadi Kimbunga

Msimu wa kusi unapokolea, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari kwamba upepo unaozidi kasi ya noti 25 unatarajiwa Pwani. Tangazo hilo hupita redioni, na kuna wanaojiambia kwamba hicho si kimbunga, kisha wakashusha ngalawa majini. Ni kweli, si kimbunga. Lakini jina la upepo ni jambo moja, na uwezo wake wa kupindua chombo kidogo ni jambo lingine.

Noti moja ni takriban kilomita 1.85 kwa saa, hivyo noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Kwa matatu, huo ni mwendo wa kawaida. Kwa upepo sivyo, kwa sababu msukumo wake huongezeka haraka kuliko kasi yenyewe. Upepo wa noti 50 husukuma paa au tanga mara nne, wala si mara mbili, kuliko ule wa noti 25.

Vipimo vya kutazama kwa macho vilipangwa mwaka 1805 na Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, na bado vinafaa. Vinaanzia 0, hali ya shwari, hadi 12. Vumbi na karatasi zikipeperushwa na matawi madogo kutikisika, hiyo ni nguvu ya 4. Matawi makubwa yakiyumba na nyaya za stima zikivuma, ni nguvu ya 6, na noti 25 ziko hapo. Kwenye nguvu ya 8, yaani kuanzia noti 34, vijiti huvunjika mitini na kutembea dhidi ya upepo huwa kazi. Mkazi asiye na kifaa chochote anaweza kujua hali ilipofikia kwa kutazama mwembe ulio uani.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyozaa madaraja yanayotumika katika Bahari ya Hindi upande wetu, ambako kituo cha kisiwa cha Réunion hufuatilia vimbunga. Mfumo wa upepo ukifika noti 34 huitwa dhoruba ya wastani ya kitropiki na hupewa jina. Kwenye noti 48 ni dhoruba kali. Kwenye noti 64, sawa na kilomita 118 kwa saa, ndipo huitwa kimbunga. Kuanzia noti 90 ni kimbunga kikali, na ukipita noti 115, kikali mno.

Kasi hizo ni wastani wa dakika 10. Mikupuo ya ghafla huwa mikali zaidi. Marekani hutumia wastani wa dakika moja na kategoria 1 hadi 5, ndiyo maana kimbunga kimoja huweza kutajwa kwa namba mbili tofauti katika jumbe za WhatsApp.

Kenya iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo uwe kimbunga. Vingi huelekea Madagascar na Msumbiji. Hata hivyo, mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikaribia, kikaishiwa nguvu kilipofika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4. Kitovu chake hakikufika Kenya, ila bahari ya Pwani ilichafuka.

Daraja pia halisemi lolote kuhusu mvua. Machi 2023, Freddy kilipoingia bara na upepo wake kulegea, mvua yake ilisababisha mafuriko na maporomoko ya tope kusini mwa Malawi. Zaidi ya watu 1,000 walifariki au hawakuonekana tena. Aliyesikia tu kwamba kimbunga kimeshuka daraja angedhani hatari imepita.

Kwa hivyo tahadhari inapotolewa, mvuvi asikilize pia urefu wa mawimbi na muda ambao onyo litadumu, na aulize BMU ya ufuo wake kabla ya kutoka. Mwenye nyumba ya mabati au makuti akague misumari na kamba mapema, na aliye kando ya mto au bondeni afuatilie utabiri wa mvua hata upepo ukiwa umetulia.