Simu ya Hujaji: Mwongozo wa Makka na Madina kwa Msafiri wa Mugango

Hujaji anayetoka Mugango, kata iliyo kando ya Ziwa Viktoria kusini mwa mji wa Musoma, huhesabu safari yake kwa vituo: gari hadi Musoma, basi la zaidi ya kilomita 200 hadi Mwanza, ndege hadi Dar es Salaam, kisha ndege ya Jeddah au Madina. Kituo ambacho hesabu hiyo hukisahau, na ambacho huwakwamisha watu kuliko barabara yoyote, ni simu. Mwaka 2022 Saudia ilianzisha Nusuk, yaani programu ya simu ambamo mgeni hujiandikisha, huomba vibali na kuvionyesha mlangoni, ikachukua nafasi ya Eatmarna iliyokuwa imetumika tangu wakati wa UVIKO-19. Tangu hapo mzee aliyeweka akiba ya hija kwa miaka mingi huku akitumia kitochi, simu ya vitufe isiyopokea programu, huweza kufika Madina akiwa na viza halali na afya njema, akakosa kuingia mahali alipokuwa akipaota.

Jina la Saudia si geni Mugango, kwa kuwa mradi mkubwa wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaovuta maji ziwani hapo hapo, uligharimiwa kwa sehemu na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia pamoja na benki ya BADEA. Hata hivyo Waislamu wa eneo hilo, lililokuwa na kituo cha misheni ya Wamenonaiti tangu miaka ya 1930, ni wachache, na mwenye kutafuta mtu aliyekwisha kuhiji ili amfundishe huenda akalazimika kwenda Musoma mjini. Kwa sababu hiyo maandalizi ya simu yafanyike nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari, mbele ya mjukuu au mwalimu wa madrasa mwenye subira. Kuyaahirisha hadi ukumbi wa uwanja wa ndege, kila mtu akiwa na haraka, ni kuyaharibu.

Jambo la kwanza ni laini. Nusuk humtambua mtu kwa pasipoti, viza na namba ya simu, kisha hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Hujaji aliyejiandikisha kwa laini ya Tanzania, akaichomoa Jeddah ili aweke laini ya Saudia yenye bando nafuu, hutumiwa namba hiyo ya uthibitisho kwenye kadi iliyolala ndani ya mkoba, akabaki akiitazama skrini isiyomfungulia. Simu ya laini mbili humaliza tatizo hili, na fedha za kuinunua ni bora kuliko fedha za zawadi za dukani. Ikumbukwe pia kwamba WhatsApp huendelea kutumia namba iliyosajiliwa nyumbani hata laini ikibadilishwa, mradi mwenyewe asikubali kuibadili namba hiyo pale programu inapomuuliza; ndugu wa Mugango wataendelea kumpata palepale.

Jambo la pili ni nenosiri, na hapa hakuna nafasi ya upole. Baadhi ya viongozi wa misafara huwaandikisha mahujaji kumi au ishirini kwa simu yao wenyewe, wakidai kwamba wazee hawawezi. Kiongozi huyo akipotea katika umati, au betri yake ikiisha, msafara mzima hauna kibali. Kila hujaji awe na akaunti na nenosiri lake katika simu yake, hata kama aliyemfungulia ni mjukuu, na picha ya skrini ya kila kibali ichapishwe karatasini kwa msaada wa dharura.

Saa ya Mugango na ya Makka ni ileile, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha simuni, lakini hesabu ya saa hutofautiana, na kosa hili limewagharimu watu. Kibali cha kuingia Raudha, sehemu iliyo kati ya nyumba ya Mtume na mimbari yake ndani ya Msikiti wa Madina, kikiandikwa 2:00 AM maana yake ni saa nane usiku. Anayesoma tarakimu hiyo kama saa mbili, kwa mazoea ya Kiswahili, hufika muda wake ukiwa umekwisha kupita. Katika maandishi ya Kiarabu herufi ص husimama kwa asubuhi na م kwa jioni. Kosa hilo ni zito kwa kuwa kanuni iliyotangazwa mwaka 2023 ilimpa mtu kibali kimoja cha Raudha kwa siku 365. Kibali chenyewe hutolewa bure, na anayekiuza nje ya hoteli anauza hewa.

Utapeli mkubwa zaidi, hata hivyo, huanza kabla ya safari, kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp, ambako hutangazwa hija ya bei nafuu kwa viza ya matembezi. Hija kwa viza hiyo hairuhusiwi, na mwaka 2025 faini ya anayehiji bila kibali ilifikia riyali 20,000, pamoja na kufukuzwa nchini na kuzuiwa kurudi kwa miaka kumi. Ubaya wake unazidi faini: mwaka 2024, joto lilipopita nyuzi 51 katika Msikiti Mkuu wa Makka, walikufa zaidi ya mahujaji 1,300, na serikali ya Saudia ilieleza kwamba asilimia 83 yao hawakuwa na kibali, hivyo walitembea juani bila mahema wala mabasi. Msafiri wa Mugango aulize BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, kuhusu taasisi anayoitaka kabla ya kutoa shilingi, na malipo yaende kwenye akaunti ya benki ya taasisi, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Tangu mwaka huo wa 2024 hujaji huvaa kadi ya Nusuk yenye msimbo wa QR, yaani mraba wa madoa meusi unaosomwa na mashine, ambayo huhitajika kuingilia maeneo ya hija ya Mina, Arafa na Muzdalifa. Kadi ikae shingoni hata wakati wa kulala. Huko Mina, ambako mahema meupe yanafanana kama mayai, simu itumike kupiga picha namba ya nguzo iliyo karibu na hema. Katika Msikiti Mkuu ramani ya simu haitofautishi ghorofa ya chini na ya juu, kwa hiyo wenzi wapeane namba ya mlango: lango la Mfalme Fahd ni 79, la Mfalme Abdulaziz ni 1.

Ndani ya tawafu, mizunguko saba ya kuizunguka Kaaba, simu ifungwe mkobani. Anayesimama kwenye mstari wa Jiwe Jeusi ili ajirushe mubashara huwasukumia vikongwe mgongoni umati mzima, na hakuna salamu ya nyumbani inayohalalisha madhara hayo. Kuhesabu mizunguko, kamba ya shanga saba inatosha. Nje ya msikiti, mnara wa saa wenye mita 601 haustahili muda unaopewa. Huonekana wenyewe kutoka karibu kila mahali, na kuupanda ni gharama inayoweza kuachwa. Treni ya Haramain, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuunganisha Makka na Madina kwa njia ya kilomita 450, inastahili sifa zake, na tiketi yake hukatwa simuni.

Siku ya Arafa ndiyo siku ya kuifungua simu bila kusita, ikiwa imefunikwa kitambaa isizimike kwa joto, kwa sababu hotuba ya Arafa hutafsiriwa na kurushwa kwa lugha mbalimbali, na mwaka 2022 Kiswahili kilikuwamo kati ya lugha 14. Hujaji aweke kisikilizio sikioni, na kabla ya hapo awatumie wa nyumbani kiungo cha matangazo hayo, ili wakati wa adhuhuri, saa ileile, simu moja ikiwekwa katikati ya mkeka Mugango, familia isikie maneno anayoyasikia yeye uwanjani.