Mahan: mahali ambapo mkono wa mtemi haukufika

Katika karne za kwanza baada ya Kristo, kusini-magharibi mwa Rasi ya Korea hapakuwa na ufalme mmoja. Palikuwa na Mahan, shirikisho la temi 54. Habari zake nyingi tunazipata kwa Chen Shou, mwandishi wa Kichina wa karne ya 3. Anasema temi kubwa zilikuwa na kaya zaidi ya 10,000, na ndogo kaya elfu chache.

Wamahan walikuwa wakulima. Shanga walizithamini kuliko dhahabu na fedha. Baada ya kupanda, mwezi wa tano, na tena baada ya mavuno, mwezi wa kumi, walitolea roho ibada, wakaimba, wakanywa na kucheza usiku na mchana, wakikanyaga ardhi kwa pamoja. Aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa zaidi.

Linalotufanya tusimame ni jambo jingine. Kulikuwa na mtu aliyewekwa kusimamia ibada za mungu wa mbinguni, akiitwa cheongun; wanahistoria wengi huona hapo kwamba kazi ya ibada ilikwisha kutengana na utawala. Tena kila utemi ulikuwa na mahali palipotengwa, sodo, penye mti mkubwa uliosimikwa na kutundikwa kengele na ngoma. Mtoro aliyeingia humo hakurudishwa.

Hapo tunakumbuka miji sita ya makimbilio katika Yoshua 20. Lakini tusiharakishe kulinganisha. Miji ile ilimlinda aliyeua bila kukusudia, naye alisimama mbele ya jumuiya ahukumiwe. Kuhusu sodo, Chen Shou hataji hukumu yoyote. Anasema watoro wote walipokewa, na analalamika kwamba jambo hilo liliwazoesha watu wizi.

Je, alikosea? Aliyeibiwa ng'ombe angemuunga mkono. Ila tukumbuke kwamba Chen Shou alikuwa ofisa wa serikali, na macho ya ofisa huona mhalifu kwanza. Mtoro angeweza pia kuwa mtu aliyeonewa na mtemi wake, na kwa huyo hapakuwa na mlango mwingine. Sisi tunaona kwamba sodo ilikuwa na gharama, na watu wale walikubali kuilipa.

Mmoja wa temi zile 54 uliitwa Baekje. Ulikua, ukawameza wenzake kidogo kidogo, ukawa ufalme.